Kuonyesha bei kwa shilingi kwenye programu ya simu (Kotlin)

Somo hili ni la anayeanza Android na tayari ana skrini yenye EditText ya kuandikia (kwenye kodi tunaiita kisanduku), kitufe na TextView ya kuonyesha jibu (tunaiita matokeo). Tuchukue muuza machungwa wa Ngamiani, Tanga, anayeshusha mzigo kutoka Muheza: anaandika idadi, anabonyeza, anaona jumla. Tuseme chungwa ni shilingi 200.

Hatua ya 1. Hela ikae kwenye Long, yaani aina ya namba nzima kubwa. Machungwa 60,000 ni 12,000,000. Ukiiweka kwenye Double (namba yenye desimali) na kuionyesha hivihivi, skrini itaandika 1.2E7. Int, namba nzima ndogo kuliko Long, nayo inaishia 2,147,483,647. Ukipita hapo jumla inaweza kugeuka hasi, na hakuna onyo utakalopewa.

Hatua ya 2. Kwenye XML ya skrini, ndani ya EditText, weka android:inputType="number", kisha soma:

val idadi = kisanduku.text.toString().toLongOrNull() ?: 0L
val jumla = idadi * 200L

Ukitumia toLong() tupu, kisanduku kikiwa hakina kitu programu inajifunga.

Hatua ya 3. Sasa ndipo tunapamba:

val f = NumberFormat.getIntegerInstance(Locale.US)
matokeo.text = "TSh " + f.format(jumla)

Utaona TSh 12,000,000. NumberFormat iingize kutoka java.text, Locale (mpangilio wa lugha na nchi) iko java.util.

Kwa nini Locale.US wakati tuko Tanga? Hapo tunaazima mkato wa kutenga maelfu tu. Wengi hukimbilia getCurrencyInstance() bila kutaja nchi, nayo hufuata mpangilio wa simu: simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani itaandika $12,000,000.00. Namba ni ileile, alama ndiyo imebadilika, na mzigo wa machungwa umekuwa wa dola milioni 12! Locale("sw", "TZ") inafaa pia, ila nafasi na desimali zinaweza kutofautiana kati ya matoleo ya Android, ndiyo maana kwa anayeanza napendelea njia ya hapo juu.

MASWALI

Mwalimu, nikichukua jumla kutoka kwenye TextView ili nitoe punguzo, programu inajifunga.
— Kwa sababu unasoma maandishi "TSh 12,000,000", na toLong() haijui herufi wala mkato. Usisome hela kutoka kwenye skrini. Punguza kwenye jumla yenyewe, kisha uipambe upya.

Mimi nauza kwa fungu, matatu kwa 1,000. Machungwa 150 yananipa 49,950 badala ya 50,000.
— Umegawanya kwanza, dada. 1000L / 3 ni 333, mabaki yametupwa, na ukizidisha kwa 150 pengo linakua. Zidisha kwanza: idadi * 1000L / 3.

Nataka mikato itokee mtu akiwa anaandika. Nimeweka setText ndani ya afterTextChanged, simu inaganda.
— Kila setText inaiita tena afterTextChanged, inazunguka bila kikomo. Ondoa msikilizaji (TextWatcher yenye hiyo afterTextChanged) kabla ya setText, umrudishe baadaye, na kumbuka kurudisha kishale mwisho wa maandishi. Kusema kweli, kupamba mtu akishamaliza kuandika kunatosha.

Kuna wateja wanaovuka mpaka wa Horohoro na kulipa kwa shilingi za Kenya. Nibadilishe "TSh" iwe "KSh"?
— Hapana kaka, alama haibadilishi thamani. Hifadhi vitu viwili pamoja: kiasi na msimbo wa sarafu, TZS au KES. Kwa KES hifadhi senti, yaani 1,250.50 iwe 125050L, na ugawanye kwa 100 wakati wa kuonyesha tu. Kiwango cha kubadilishia akiandike muuzaji mwenyewe kila siku. Usikigandishe ndani ya programu.