Canter imefungwa injini upya na inasumbua: pa kuangalia kabla ya kuvua hedi

Injini ya 4D33 ya lori dogo la Mitsubishi Canter ikikataa kuwaka, ikitoa moshi au ikigonga baada ya ovaholi, wengi hukimbilia kuvua hedi (kichwa cha silinda). Matokeo yake ni gasketi mpya kutupwa bure. Matatizo ya siku za mwanzo mara nyingi ni ya ufungaji: upepo kwenye dizeli, alama za gia, tapeti (nafasi ya valvu), uchafu kwenye njia za oili. Karibu yote hayo yanapimika hedi ikiwa mahali pake.

Oili kwanza, kabla ya kuwasha

Jaza oili kwenye filta kabla ya kuifunga. Zuia dizeli kwa kuvuta waya wa kuzimia, kisha piga stata sekunde 10 hadi 15, ipumzishe dakika moja, rudia mpaka taa ya oili izimike. Taa isipozimika, usiwashe. Pampu ya oili iliyofungwa ikiwa kavu haivuti; gia zake zilitakiwa kupakwa vaselini au oili nzito.

Pampu ikivuta lakini geji inasoma chini, angalia gasketi ya bomba la kufyonza ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), valvu ya kupunguza presha iliyokwama, na plagi za njia za oili ambazo hutolewa wakati wa kuosha bloku kisha zikasahaulika mezani. Kosa la gharama kubwa ni krenki kusagwa milimita 0.25 halafu zikafungwa beringi za standadi. Saizi imepigwa mgongoni mwa beringi yenyewe. Soma hapo, maana boksi la dukani huwa limeshabadilishwa mikono mingi.

Inazunguka lakini haiwaki

Tazama ekzosi wakati stata inapigwa. Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki. Legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye filta ya dizeli, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, funga, kisha rudia kwenye pampu kubwa ya kusukuma dizeli kwenye nozeli. Halafu legeza nati za bomba kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli iruke, kaza. Mapovu yasiyoisha yanaingia upande wa kufyonza, kwa kawaida kwenye washa za shaba zilizotumika mara ya pili.

Moshi mweupe mwingi wenye harufu ya dizeli mbichi, na injini haishiki, ni habari nyingine. Dizeli inafika ila haiungui kwa wakati wake. Hapa tulia na majira ya pampu, yaani wakati inapoanza kusukuma dizeli.

Zungusha krenki kwa spana mpaka alama ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa) kwenye puli ikae sawa. Fungua kifuniko cha tapeti juu ya hedi, shika roka (mikono inayosukuma valvu) za silinda namba 1. Zote mbili zikicheza kidogo, namba 1 iko kwenye kubana. Zikiwa zimebana na za namba 4 ndizo zinacheza, zungusha krenki duara moja zima. Pampu huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo ni rahisi kuifunga kinyume kabisa: injini itatoa moshi siku nzima bila kuwaka.

Sasa rudisha krenki nyuma robo duara, ondoa bomba namba 1 kwenye pampu, weka kidhibiti cha mafuta kwenye mafuta kamili, piga pampu ya mkono dizeli ijae mdomoni, uifute iwe sawa na ukingo. Zungusha krenki polepole mbele. Pale dizeli inapoanza kutikisika na kuinuka, simama. Hapo ndipo pampu inaanza kusukuma. Soma digrii kwenye puli na ulinganishe na kibao cha injini yako. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kuinamisha pampu kwenye bolti zake. Kubwa ina maana gia imeruka jino. Hakikisha pia mabomba hayajapishana: mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Inawaka lakini inakosa silinda au inagonga

Ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, ukifunika kwa kitambaa. Usiweke kidole karibu. Dizeli ya presha hutoboa ngozi. Silinda ambayo ukiilegeza sauti haibadiliki ndiyo mbovu. Kugonga kukipungua ukilegeza moja, shuku nozeli hiyo au konrodi yake. Kofia za konrodi zina namba, na kofia iliyogeuzwa hujulikana mapema kwa krenki kuwa ngumu kwa mkono.

Nafasi ya tapeti za injini hii ni milimita 0.40, injini ikiwa baridi, ingizo na ekzosi. Namba 1 ikiwa kwenye kubana, rekebisha zote mbili za 1, ingizo ya 2 na ekzosi ya 3. Duara moja zaidi, malizia zilizobaki.

Ukipima kompresheni Mwanza, kumbuka uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, namba zitakuwa chini ya za kitabu hata injini ikiwa nzima. Linganisha silinda kwa silinda. Iliyobaki nyuma sana, ipulizie upepo wa kompresa ya fundi pancha kupitia tundu la nozeli, pistoni ikiwa juu kwenye kubana, mikono mbali na feni. Upepo ukitokea kwenye ekzosi au ingizo, ni valvu. Ukitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi, na sasa ndiyo una sababu ya kuivua.

Inachemsha

Kwa mwinuko huu maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 96, hivyo kifuniko cha rejeta kilicholegea kinatosha kuleta balaa. Toa upepo uliobanwa kwenye njia za maji, na usiondoe themostati kama wanavyopenda kushauri vijiweni. Ukivua hedi, kausha matundu ya bolti: oili iliyojaa humo hudanganya toki (nguvu ya kukazia bolti) na inaweza kupasua bloku.

Kilomita za kwanza

Usiiache sailensa muda mrefu. Ringi zinahitaji mzigo ili zikae. Nusu mzigo, Buhongwa hadi Misungwi na kurudi, ukibadilisha mwendo, ni bora kuliko foleni ya soko la samaki la Mwaloni na magunia ya dagaa hadi juu. Kati ya kilomita 500 na 1,000 mwaga oili, kata filta, tandaza karatasi yake juani. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida mara ya kwanza. Ukiona chenga za rangi ya shaba, ni beringi: shusha sampu kabla ya safari nyingine.