Tangi Kwanza, Sindano Baadaye: Maandalizi ya Helikopta ya Modeli ya Methanoli

Injini ya helikopta ya modeli inapobadilisha sauti hewani, mkono wa mwenye nayo hukimbilia sindano ya kabureta, yaani skrubu ya kupimia mafuta, ilhali mara nyingi kosa haliko huko. Kabureta hupima kile kinachoifikia tu, na kama mafuta yanafika yakiwa na viputo vya hewa, hakuna kipimo cha sindano kitakachodumu. Ndiyo maana maandalizi yote yanapaswa kuanzia tangini.

Lifungue tangi na uchunguze mpira wa silikoni ulio ndani, ambao ncha yake hubeba timazi dogo la shaba linaloyafuata mafuta kila helikopta inapoinama. Timazi hilo lizunguke kwa uhuru bila kunasa kwenye ukuta wa nyuma. Niliwahi kupoteza Jumamosi nzima nikizungusha sindano ya injini ya daraja la 50, yaani ya ujazo wa takriban sentimita za ujazo 8, kabla ya kugundua ufa mwembamba kama unywele pale mpira ulipovishwa kwenye kibomba cha shaba. Mpira ukiwa umelala haukuonyesha kitu. Nilipoukunja kati ya vidole viwili, ufa ulifunguka kama mdomo. Tangu siku hiyo huziba matundu yote ya tangi isipokuwa moja, nikalizamisha kwenye beseni la maji na kupuliza kwa tundu hilo, na kiputo kimoja tu kinatosha kunifanya nisiruke siku hiyo.

Tangi likae juu ya vipande vya mpira, kwa sababu mtikisiko wa fremu huyageuza mafuta kuwa povu, na kimo cha katikati yake kilingane na sindano au kiwe chini yake kidogo. Mpira wa shinikizo kutoka kwenye eksozi, unaosaidia kusukuma mafuta kutoka tangini, nao ukaguliwe, maana huziba kwa masizi ya mafuta bila kuonekana kwa nje. Chujio liwekwe kati ya tangi na kabureta.

Mafuta yenyewe ni methanoli iliyochanganywa na vilainishi pamoja na nitromethani, ambayo kwa helikopta huwa kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 30. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa, hivyo galoni iliyoachwa wazi katika mji wa pwani huharibika upesi. Vilevile ni sumu, na ndimi za moto wake hazionekani vizuri mchana. Kizima moto kiwe karibu kabla galoni haijafunguliwa.

Kabla ya kuwasha, hakikisha kwamba kabureta hufunga kabisa unapoiamuru kutoka kwenye rimoti, la sivyo hutakuwa na njia ya kuizima injini. Shika kichwa cha rota kwa mkono imara, kwani klachi ikikamata wakati kabureta imefunguka, mapanga huanza kuzunguka papo hapo. Kama helikopta ina kidhibiti mwendo cha kielektroniki, kinachoshikilia kasi ya rota isibadilike, kizime wakati wa kurekebisha, kwa sababu huficha dalili unazozitafuta.

Anza na kipimo cha sindano kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha ongeza mafuta kidogo, hasa kwa injini mpya. Ipaishe, usihukumu ikiwa ardhini, kwani mzigo halisi huonekana rota inapobeba uzito. Moshi uonekane muda wote. Tua, zima, na rota ikishasimama, gusa kifuniko cha nyuma cha injini: kidole kikishindwa kukaa sekunde chache, mafuta ni machache, hivyo legeza sindano kidogo. Kama mafuta bado ni mengi, kaza sindano ili kuyapunguza, kwa hatua ndogo sana, usizidi mibofyo miwili (milio ya sindano inapozungushwa) kwa safari moja, kwani injini yenye mafuta mengi hupoteza nguvu tu, ilhali yenye mafuta machache huunguza pistoni. Mtu anayeipeleka helikopta yake kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ataikuta ina mafuta mengi mno, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi.

Jioni, mwaga mafuta yote yaliyobaki, washa injini hadi izime yenyewe kwa kuyamaliza yaliyo kwenye mipira, kisha tia matone machache ya mafuta ya kuhifadhia na uizungushe kwa mkono ili yafike kwenye beringi.