Kupima umbali wa anga kati ya Songwe na Nduli

Anayetaka kujua ndege itachukua muda gani kutoka uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, hadi ule wa Nduli, Iringa, asitegemee kilomita za barabara ya Makambako, kwa sababu ndege haizungukii milima. Songwe upo takriban nyuzi 8 dakika 55 Kusini na nyuzi 33 dakika 16 Mashariki. Nduli upo nyuzi 7 dakika 40 Kusini na nyuzi 35 dakika 45 Mashariki. Tofauti ni dakika 75 za latitudo (kaskazini-kusini) na dakika 149 za longitudo (mashariki-magharibi) (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya nyuzi, si ya saa), na kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Dakika za longitudo hufupika kadiri unavyoiacha ikweta, lakini huku kwetu upungufu huo ni kama asilimia 1 tu. Toa hiyo asilimia 1 kwenye dakika 149, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: utapata karibu maili 165, sawa na kilomita 306. Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa itahitaji saa moja, nami huongeza robo saa ya kupaa na kushuka. Ukungu ukitanda Songwe asubuhi, ulizia kwanza kabla hujatoka nyumbani.