Dedilifti kwa vyuma vya mtaani: rekebisha urefu kabla ya kuongeza kilo

Dedilifti ni zoezi la kuvuta chuma, yaani bomba au fimbo yenye uzito kila upande, kutoka sakafuni mpaka usimame wima. Wengi wanaolalamika kwamba imewaharibu kiuno hawakuzidiwa na uzito. Walivuta chuma kilicholala chini mno, wakalazimika kupinda mgongo kabla hata hakijaondoka ardhini.

Pleti kubwa za mashindano, zile duara za uzito zinazovishwa kwenye chuma, zina kipenyo cha milimita 450. Kwa hiyo chuma hukaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni, kiwe kimebeba kilo 60 au kilo 300, na maelekezo yote ya dedilifti unayoyaona mtandaoni yanachukulia urefu huo. Sasa njoo kwenye gym zetu. Pleti za kilo 5 na 10 ni ndogo, na zile tunazotengeneza wenyewe kwa kumwaga zege kwenye makopo ya rangi ni ndogo zaidi. Kopo la lita 4 lina upana wa sentimita 17 au 18 hivi, maana yake bomba linakaa chini ya sentimita 10 kutoka ardhini. Hapo hata mwenye nyonga laini atapinda tu.

Hatua ya 1: Pima uzito, kisha inua chuma

Usikisie uzito. Lita moja ya zege ina karibu kilo 2.4, hivyo kopo la lita 4 lililojaa hufika kilo 9 au 10, lakini mafundi wawili wakichanganya kokoto kila mtu kwa mkono wake, upande mmoja unaweza kuzidi mwingine kwa kilo nzima. Peleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu, ana mizani. Pima na bomba lenyewe pia. Chuma kirefu cha gym kwa kawaida ni kilo 20, ila vile vifupi vya mtaani havifiki hapo. Andika uzito kwa rangi juu ya kila kopo.

Kisha tafuta urefu. Kopo lenye nusu kipenyo ya sentimita 9 linahitaji kuinuliwa sentimita 13 au 14. Tofali la inchi 5 lililolazwa, na kipande cha tairi kuukuu juu yake, vinakufikisha hapo. Hiyo tairi usiiache, kwa sababu zege likigonga tofali kila siku, kimoja kitapasuka. Wenye pleti za chuma wanaweza kupanga pleti nyingine chini yake au kutumia mbao nene. Ukisimama karibu, chuma kiguse katikati ya muundi.

Hatua ya 2: Simama

Vua raba zenye soli laini. Peku ni bora, viatu vya soli ngumu na bapa vinafaa, ndala hapana. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, vidole vikitazama nje kidogo. Ukiangalia chini, chuma kiwe kimepita juu ya katikati ya wayo mzima, ukihesabu na kisigino. Wanaoanza hukiweka juu ya vidole, na kutoka hapo kinawavuta mbele safari nzima.

Hatua ya 3: Shika bila kukisogeza

Inama kutoka kwenye nyonga, shika chuma nje kidogo ya miguu, mikono ikiwa imenyooka. Chuma kisisogee hata kidole. Sasa kunja magoti mpaka muundi uguse chuma, basi. Usiendelee kushusha makalio kama mtu anayechuchumaa. Hii si skwati, lile zoezi la kuchuchumaa na chuma mabegani, na makalio yakishuka sana yatapanda yenyewe kabla uzito haujaondoka.

Hatua ya 4: Kaza

Ningekuwa na dakika tano tu za kukufundisha, zote zingeishia hapa. Inua kifua mpaka mgongo unyooke, huku nyonga zikibaki pale zilipo. Bana makwapa, kana kwamba kuna mtu anataka kukuchomoa gazeti ulilolibana. Vuta pumzi nyingi ndani ya tumbo, si mabegani, kisha lifanye gumu pande zote, hata ubavuni na nyuma. Vuta chuma polepole mpaka usikie pleti zikigonga bomba; ule ulegevu umeisha, na mikono haitashtuka ukianza. Macho yatazame sakafu mita mbili au tatu mbele. Kioo sahau, kugeuza shingo ili ujione hakukusaidii chochote.

Kubana pumzi namna hii hupandisha presha kwa muda. Mwenye shinikizo la damu au mwenye ngiri amuone daktari kwanza.

Hatua ya 5: Vuta, kisha shusha

Sukuma ardhi kwa miguu. Chuma kipande juu kikigusa muundi, goti, paja. Kikiachana na mguu, mgongo ndio utakaolipa. Ukifika juu simama wima tu. Ile tabia ya kujirudisha nyuma kama mtu anayetazama ndege haina faida. Kurudi chini, tanguliza nyonga nyuma, chuma kikishapita magoti ndipo uyakunje. Kikitua, achia pumzi, jipange upya, vuta tena. Usikidundishe.

Weka simu pembeni yako, kimo cha nyonga, ujirekodi seti ya mwisho (seti ni marudio kadhaa mfululizo bila kupumzika). Angalia vitu viwili: mgongo haubadiliki umbo, na chuma kinapanda kwa mstari mmoja. Mengine yatakuja.

Mkanda wa kunyanyulia uzito usinunue sasa. Jifunze kwanza kukaza tumbo bila msaada.

Ratiba

Siku tatu kwa wiki, zikiachana angalau kwa siku moja. Siku A: skwati, benchi (kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani), dedilifti. Siku B: skwati, kusukuma chuma juu ya kichwa, kuvuta chuma tumboni ukiwa umeinama. Unazipokezana. Skwati na mazoezi mengine ni seti tatu za marudio matano. Dedilifti ni seti moja tu ya matano baada ya kupasha mwili moto, kwa sababu inachosha kuliko yote na skwati tayari imekwishafanya kazi kwenye miguu ileile. Kama lengo la siku ni kilo 80, anza na 40 mara tano, 60 mara tatu, 70 mara moja, ndipo 80.

Uzito wa kuanzia uwe ule ambao ungeweza kuuvuta mara kumi. Wewe vuta tano. Ongeza kilo 5 kila mara, na mwendo wa chuma ukianza kuwa mzito, ongeza 2.5. Shida ni kwamba gym nyingi za mtaani hazina pleti chini ya kilo 2.5, kwa hiyo nyongeza ndogo kabisa ni kilo 5. Chupa ya maji ya nusu lita, ikijazwa, ni nusu kilo. Funga moja kila upande kwa mpira wa baiskeli, umepata kilo 1. Watu watacheka, waache.

Ukishindwa kumaliza marudio matano mara mbili mfululizo, punguza asilimia 10, kisha panda tena. Daftari ndilo litakalokuambia hilo: tarehe, uzito, marudio, na neno moja kuhusu usingizi au chakula. Wanaofanya kwa kukumbuka kichwani hurudia kilo zilezile mwaka mzima wakidhani wanapanda.

Anayeshinda akisukuma mkokoteni au akibeba zege, siku mbili kwa wiki zinamtosha, moja A, moja B. Wakati wa Ramadhani, fanya saa moja au mbili baada ya futari, ushike uzito uliopo bila kuongeza. Ukikosa wiki moja, rudi pale ulipoachia. Ukikosa wiki mbili au tatu, toa asilimia 10 hadi 20. Ukitoka kwenye malaria, maliza dozi, kula kawaida siku kadhaa, kisha anza na nusu ya uzito wako, hata kama miguu inakwambia unaweza zaidi.