Ukiandika kuhusu imani na sonona, anza na mkate

Ndugu waandishi wa kujitegemea wenzangu hapa Kampala, mkiwaandikia waumini kuhusu sonona, msikimbilie "ongeza maombi". Fungueni 1 Wafalme 19. Nabii Eliya yuko chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamhubirii. Anamgusa: "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili, ndipo safari ya kwenda Horebu, mlima wa Mungu, inaanza.

Hapo hapo kwenye makala ndipo ninapoweka aya inayohusu matibabu, na Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili hapa Kampala, ninaitaja kwa jina, maana msomaji aliyezidiwa hana nguvu ya kutafuta. Na jamani, msimwambie mtu aache dawa bila daktari wake.