Jinsi ya Kuchagua Pikapu ya Dizeli ya Kubeba Familia na Kuvuta Tela

Mtu anayetafuta pikapu ya dizeli ya kubebea familia na kuvutia tela hukutana mapema na tarakimu moja inayorudiwa katika matangazo, nayo ni kilo 3,500. Huo ndio uzito wa tela lenye breki zake ambao matoleo mengi ya pikapu za daraja la tani moja, kama vile Toyota Hilux, Ford Ranger na Isuzu D-Max, yameruhusiwa na watengenezaji kuvuta. Tarakimu yenyewe ni sahihi, ila kwa kawaida hufikiwa pale tu gari linapokuwa na mzigo mdogo sana, na familia haisafiri katika gari la namna hiyo. Kwa hiyo ninashauri uchaguzi uanzie upande wa pili: kwanza fahamu uzito wa tela lako likiwa limejaa, kisha uzito wa watu na mizigo itakayokuwa ndani ya gari, na baada ya hapo ndipo uanze kulinganisha pikapu.

Uzito wa tela usikisiwe kwa macho. Lipeleke kwenye mizani ya magari likiwa vilevile litakavyosafiri, na matangi yake yakiwa yamejazwa, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi la lita 100, mitungi ya gesi, magodoro na baiskeli huongeza haraka kilo ambazo karatasi ya muuzaji wa tela haikuzitaja. Anayevuta mashua ahesabu injini yake na mafuta yaliyomo, na anayevuta mifugo ahesabu wanyama waliokwisha kukomaa.

Ukiwa na uzito huo mkononi, fungua mlango wa dereva wa pikapu unayoifikiria na usome kibati au kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango. Katika baadhi ya magari kimewekwa chini ya boneti. Humo utatafuta uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari lenyewe pamoja na kila kilichomo, uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja, na uzito wa juu wa kila ekseli. Kama uzito wa gari na tela kwa pamoja haukuandikwa hapo, utakuwa katika kitabu cha gari. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha tarakimu hizi hajakuonyesha gari bado, hata kama amekuzungusha mjini kwa saa nzima.

Tuchukue pikapu ya mfano ambayo ikiwa tupu ina kilo 2,200, inaruhusiwa kufikia kilo 3,200 ikiwa na mzigo, na pamoja na tela inaruhusiwa kufikia kilo 6,000. Tangazo lake litasema kwamba inabeba kilo 1,000 na kuvuta kilo 3,500, na yote mawili ni kweli, lakini hayawezi kufanyika kwa wakati mmoja. Ukifunga tela la kilo 3,500, gari linabaki na kilo 2,500, na ukitoa uzito wa gari tupu unabakiwa na kilo 300 za dereva, mwenzake, watoto watatu, viti vya watoto, mabegi, chakula, na kila kifaa ulichokifunga baada ya kununua. Bampa la chuma na paa la kufunika sehemu ya mizigo hukaribia au kupita kilo 100 kwa pamoja, na tangi la ziada la lita 80 likijazwa dizeli huongeza takriban kilo 67. Hesabu ikigeuzwa, pikapu hiyohiyo ikijazwa hadi kilo 3,200, tela lake halipaswi kuzidi kilo 2,800. Ndiyo sababu kwa familia ninaona tela lililojaa la kilo 2,500 ni mpaka wa busara kwa pikapu za daraja hili.

Uko uzito mwingine unaosahaulika zaidi, nao ni ule ambao kichwa cha tela hukandamiza kwenye kiungio cha gari. Katika Amerika Kaskazini na Australia tela hupangwa ili kichwa chake kibebe walau asilimia 10 ya uzito wake, ilhali Ulaya hutumia viwango vya chini zaidi, na kiwango kinachokufunga wewe ni kile kilichoandikwa kwenye kiungio na kwenye kitabu cha gari lako. Tela la kilo 2,500 lenye asilimia 10 huweka kilo 250 kwenye kiungio, na hizo hutolewa katika mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Zaidi ya hapo, kiungio kiko nyuma ya ekseli ya nyuma, hivyo gari hufanya kazi kama ubao wa pembea: ikiwa kiungio kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli hiyo na umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3.2, kilo zile 250 huongeza takriban kilo 344 kwenye ekseli ya nyuma na kuondoa takriban kilo 94 kwenye ekseli ya mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, kwa hiyo hasara hiyo ni ya usalama wa familia moja kwa moja. Kupunguza uzito wa kichwa kwa kuhamishia mizigo nyuma ya tela si dawa, kwani tela lililolemewa nyuma huanza kuyumba kwa kasi ambayo lililopangwa vizuri lingetulia. Mizigo mizito ikae chini, karibu na ekseli ya tela, ikielekea mbele kidogo.

Ambaye hesabu hii inamwonyesha kwamba tela lake linazidi kilo 3,000 mara kwa mara afikirie daraja la juu, yaani magari kama Ram 2500 au Ford F-250, yenye injini za dizeli za lita 6.7. Hayo yametengenezwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo ni mapana, ni marefu, na uzito wake unaoruhusiwa hupita kilo 3,500, ambao katika nchi za Umoja wa Ulaya na kwingineko ndio mpaka wa leseni ya gari dogo kwa magari ya dizeli. Uliza habari ya leseni kabla ya kulipa.

Tuje kwenye injini. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, bila plagi ya kutoa cheche, na injini yake yenye turbo hutoa nguvu kubwa ya mzunguko ikiwa bado inazunguka polepole, mara nyingi kuanzia mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Kwa anayevuta tela, hiyo ni faida kuliko idadi ya farasi, kwa sababu mlima hupandwa bila kuipigisha injini kelele. Pikapu za kisasa za lita 2 hadi 3 hutoa takriban Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu hiyo ya mzunguko) 350 hadi 600. Angalia pia tarakimu hiyo imefungamana na gia boksi gani: Hilux ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2020 hutoa Nm 500 ikiwa na gia za otomatiki, lakini Nm 420 ikiwa na gia za kubadilisha kwa mkono. Mimi ningechagua otomatiki kwa kazi hii, kwa kuwa konveta yake, yaani kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi, huzidisha nguvu ya mzunguko ya injini wakati wa kuondoka, ilhali klachi ya kawaida huungua upesi kwa dereva anayeondoka mlimani na tela nyuma yake. Sharti ni kwamba gia boksi iwe na kipoza oili cha kutosha na oili yake ibadilishwe kwa ratiba ya kazi nzito iliyo katika kitabu.

Jambo linalowaumiza wengi baadaye ni kichujio cha masizi kilicho kwenye ekzosi. Kichujio hicho hunasa masizi, na kikijaa injini huongeza mafuta ili joto lipande hadi kama nyuzi 600 za Selsiasi na kuyateketeza. Kazi hiyo inahitaji mwendo wa kutulia wa dakika kadhaa, wenye injini iliyopata moto. Gari linaloishi kwa safari za kilomita 3 kwenda shuleni na kurudi hukatiza uteketezaji huo kila mara, kichujio huziba, na wakati mwingine dizeli isiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili ya injini. Nasema bila kusita kwamba kama tela hutoka mara chache tu kwa mwaka na siku nyingine zote gari litafanya safari fupi, dizeli si chaguo lako, na ni heri utafute gari la petroli au la haibridi linaloweza kuvuta uzito ulioupima. Ukiamua kuchukua dizeli, panga safari ya barabara kuu ya nusu saa hivi kila wiki au kila wiki mbili. Kama gari hutumia pia maji ya urea ya kusafisha moshi wa ekzosi, yale yanayouzwa kwa jina la AdBlue, waeleze wote wanaoliendesha kwamba tangi lake ni la peke yake. Maji hayo yakiingia kwenye tangi la dizeli, usiwashe injini hata kidogo, bali liite gari la kuvuta ili tangi lisafishwe. Na mahali ambapo dizeli ina salfa nyingi, uliza kwanza kama toleo hilo linaiweza, kwa kuwa vichujio hivi vimetengenezwa kwa mafuta yenye salfa kidogo.

Sehemu ya abiria inahitaji ukaguzi wa mikono kuliko wa macho. Nenda na watoto na viti vyao, uvifunge mwenyewe. Katika pikapu nyingi za milango minne hakuna nafasi nyuma ya kiti cha nyuma, kwa hiyo mkanda wa juu wa kiti cha mtoto hupitishwa katika kitanzi kilicho nyuma ya kichwa cha abiria na kwenda kufungwa kwenye ndoano iliyo pembeni, wakati mwingine nyuma ya nafasi ya jirani, na aliyezoea gari dogo huweza kuufunga kwenye kitanzi hicho peke yake akidhani amemaliza, kumbe kitabu cha gari kinataka ufike kwenye ndoano. Hakikisha pia kwamba nafasi ya katikati ina mkanda wa pointi tatu, kwamba mifuko ya hewa ya pembeni inafika hadi viti vya nyuma, na kwamba mgongo wa kiti cha nyuma haukusimama wima kiasi cha kuwachosha watoto katika safari ndefu. Kabini ndogo zenye viti vya kukunja nyuma zisifikiriwe kabisa kwa familia. Matokeo ya majaribio ya ajali ya Euro NCAP au ANCAP, mashirika yanayopima usalama wa magari Ulaya na Australia, yasomwe pamoja na mwaka wake, kwani nyota 5 za miaka kumi iliyopita zilitolewa kwa masharti mepesi kuliko ya leo.

Springi za nyuma za vyuma bapa hubeba vizuri lakini hurusharusha abiria gari likiwa tupu, na zile za koili hutulia zaidi lakini huinama upesi chini ya kichwa cha tela. Lijaribu gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Watu wengine hununua gari lenye springi laini kisha wakaongeza mipira ya hewa kati ya ekseli na chasisi ili sehemu ya nyuma isiiname. Mipira hiyo haiongezi uzito unaoruhusiwa hata kilo moja, na kwa kukusanya nguvu mahali pamoja kwenye chasisi imechangia pikapu zilizopakiwa kupita kiasi kupinda katikati. Mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne una faida ya kweli kwenye udongo na kwenye mteremko wa kushushia mashua, ila ule usio na difu ya katikati, yaani gia zinazoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, hautumiki kwenye lami kavu, kwa hiyo ukitaka utulivu siku za mvua barabarani tafuta ule unaoweza kukaa kwenye magurudumu manne muda wote.

Tela linalozidi kilo 750 liwe na breki zake. Sheria za nchi nyingi zinataka hivyo. Kagua kama soketi ya umeme ya gari inalingana na plagi ya tela, na kama breki za tela ni za umeme, uliza gharama ya kufunga kifaa cha kuziongoza ndani ya kabini.

Ukinunua gari lililotumika, mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, kisha gusa injini kuthibitisha kwamba ni ya baridi. Moshi mweusi unaodumu huashiria mafuta yanayozidi au hewa isiyotosha, wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni wa kuogopwa, hasa ukinuka tamu kama maji ya radieta. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi: gari lililotoka kiwandani na kichujio cha masizi huwa safi au karibu safi hapo, na kidole kikitoka cheusi tititi, kichujio kimepasuka au kimeng'olewa. Lala chini uangalie chasisi karibu na kiungio kama kuna nyufa, rangi mpya au kutu ya maji ya chumvi, halafu nusa oili ya gia boksi kama ina harufu ya kuungua. Mwisho omba ruhusa ya kufunga tela lako mwenyewe na kuliendesha gari kwenye mlima mmoja mrefu, kwenda na kurudi, ukitazama geji ya joto wakati wa kupanda na ukisikiliza kama gia ndogo zinalizuia gari wakati wa kushuka bila kukaa juu ya breki.