SOMO: Kufika maporomoko ya Sanje (Udzungwa) kwa basi, kwa usiye na gari

Wakuu, wiki hii peke yake watu watano wamenifuata pembeni kuuliza jambo lile lile: "Kaka, Sanje unafikaje kama huna gari?" Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena namtumia kiungo. Nimekwenda mara nne, zote kwa usafiri wa abiria.

Kwanza mjue kitu kimoja. Udzungwa haina barabara za magari ndani. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na mwenye V8 anaingia kwa miguu sawa na aliyeshuka kwenye kosta. Kwa hiyo usijinyime eti huna gari. Shida yako ni kufika getini tu.

HATUA YA 1: Siku. Tenga usiku mbili. Masika (Machi hadi Mei) achana nayo, njia inateleza kama sabuni. Juni hadi Oktoba ndiyo muda wake.

HATUA YA 2: Kutoka Dar. Ama basi la Ifakara la alfajiri pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, ama treni ya SGR hadi Morogoro halafu basi. Mimi tangu treni ianze Juni 2024 sijarudi kwenye basi la moja kwa moja, maana foleni ya Kibaha inanimaliza nguvu kabla sijauona mlima. Beba kitambulisho. Stesheni ya Moro iko Kihonda, chukua bajaji hadi stendi ya Msamvu, ulizia basi la Ifakara. Msamvu hadi Mang'ula, yaliko makao makuu ya hifadhi, hesabu mwendo wa saa nne hadi tano.

HATUA YA 3: Siti. Dirishani, upande wa kulia. Ukishapita Doma barabara inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kilomita kama 50, na twiga na pundamilia hao hawadai kiingilio. Mikumi mjini basi linakata kushoto, barabara ya Iringa mnaiacha. Kidatu mnavuka Ruaha Mkuu, mnaingia kwenye miwa. Kuanzia hapo inua macho kulia: ule ukuta wa kijani ndiyo Udzungwa.

HATUA YA 4: KUSHUKA. UNASHUKA MANG'ULA, SI SANJE. Hapa ndipo nilipochemsha, kwa hiyo someni polepole.

Ukitokea Kidatu, kijiji cha Sanje unakikuta kwanza, Mang'ula iko mbele yake kilomita kama kumi. Safari yangu ya kwanza niliona kibao cha Sanje, nikagonga bodi, "Shusha!" Nikajiona mjanja kweli, nimeokoa nauli ya kurudi nyuma. Ilikuwa saa nane mchana, jua la bonde lile linachoma hata kivuli. Nikatembea na begi mgongoni hadi kituo cha askari, nikasalimia, nikatoa noti. Askari akaziangalia zile noti, akaniangalia mimi. "Kibali kiko wapi?" Nikamwambia nalipia hapa. "Hapa hatupokei hela, mdogo wangu. Makao makuu Mang'ula." Bodaboda niliyempata alishaona begi na jasho, akataja bei ya mtu aliyepotea. Kufika Mang'ula, mwongozaji akanicheka kwa adabu: mlima kwa saa zile haupandwi, njoo kesho. Kesho yake asubuhi nikapanda boda tena kurudi Sanje. Njia ile ile nimeilipia mara tatu, na siku nzima imekwenda na maji.

Kwa hiyo:

Mwambie konda tangu unapanda: "Nishushe Mang'ula, geti la hifadhi." Mkumbushe Kidatu. Usilale. Nilishaona dada mmoja amezinduka Ifakara.

Malipo si taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Weka hela kwenye simu ukiwa bado Dar au Moro. Kuna siku wakala anakwambia hana salio, na hapo hata ukilia hakuna kitu.

Nenda ofisini jioni hiyo hiyo uliyofika, ujue unalipa nini na upange saa na mwongozaji. Ukisubiri asubuhi utaanza kupanda wakati wenzako wanashuka.

HATUA YA 5: Kulala. Gesti zipo Mang'ula. Kagua chandarua kabla hujalipa chumba, ushike kwa mkono utafute matundu. Bonde la Kilombero lina malaria ya kweli. Wanasayansi hawakuweka taasisi ya utafiti Ifakara kwa kupenda mandhari.

HATUA YA 6: Asubuhi boda mbili, wewe na mwongozaji, hadi Sanje. Muwe pale saa moja.

HATUA YA 7: Kupanda. Kwenda na kurudi saa nne, ukiwa mzito ongeza moja. Mwanzoni unasikia pikipiki za barabarani na redio za kijijini. Ukipanda kama nusu saa msitu unafunga, sauti zile zinakatika, unabaki na pumzi yako na maji ambayo bado huyaoni. Mizizi imejipanga kama ngazi. Ishike, lakini angalia kwanza unashika nini, maana siafu nao wanatumia ngazi hiyo hiyo. Suruali chomeka ndani ya soksi. Maporomoko yenyewe yanaanguka ngazi tatu, jumla zaidi ya mita 170. Juu kuna bwawa la kuoga, maji baridi ya kukata pumzi, na ukigeuka unaona bonde lote, miwa na mpunga hadi macho yanachoka.

HATUA YA 8: Kurudi. Mabasi ya Moro na Dar yanatoka Ifakara asubuhi. Ukishuka mlimani saa nane usitegemee basi, lala usiku wa pili. Siti weka jana yake.

Maswali karibuni, lakini someni kwanza.

————

Mtoto wa Tabata: Mkuu somo zuri. Sasa kwa Sanje mtu anashukia wapi?

MWANDISHI: Hatua ya 4. Imeandikwa kwa herufi kubwa.

Mtoto wa Tabata: Nimeona, ila nimeuliza kama hakuna namna ya kupenya pale pale Sanje bila kuzunguka Mang'ula. Sisi ni wazawa.

MWANDISHI: Mle kuna tembo na nyati. Mzawa wakimkanyaga anavunjika kama mgeni. Nenda Mang'ula.

Bwana Mipango: Gharama jumla kwa mtu mmoja?

MWANDISHI: Nikiandika leo, mwakani utanishika koo. Viingilio vya raia, mkazi na mgeni ni tofauti, na hubadilika. Piga simu ofisi ya hifadhi. Nauli ulizia stendi, usimuulize mpiga debe.

Mama Chausiku: Hongera kaka. Mimi nina watoto wawili, wa miaka 7 na 10. Huyu mdogo ataweza Sanje kweli? Sitaki nimbebe.

MWANDISHI: Dada, asante kwa kuuliza kabla. Wa 10 ataweza mkienda taratibu. Wa 7 utambeba, tena wakati wa kushuka, ambako ndiko magoti yanalia. Waanzishe na njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard. Hiyo inaanzia pale pale makao makuu Mang'ula, haifiki saa moja, hakuna boda, na mbega mnaweza kuwaona hata kabla hamjaanza. Jina ni la yule mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuja kuifungua hifadhi. Wakirudi wanadai zaidi, siku ya pili mchukue mkubwa Sanje, mdogo abaki na mtu.

Mama Chausiku: Ubarikiwe. Baba yao atabaki naye, atake asitake.

Kapeto: Raba za kawaida zinatosha au lazima mabuti?

MWANDISHI: Raba yenye meno inatosha. Ndala hapana. Kucha kata jana yake, vinginevyo kushuka utazijua zote kumi kwa majina.

Nzi wa Maktaba: Nimesikia kuna nyani wa Sanje ambaye hapatikani kwingine duniani. Anaonekana kwenye njia hii au ni hadithi za waongozaji?

MWANDISHI: Si hadithi, na swali hili nilikuwa nalisubiri. Si nyani hasa, ni jamii ya tumbili waitwao mangabi, wa kijivu, na jina lake la kisayansi ni Cercocebus sanjei, yaani wa Sanje. Watafiti walimbaini 1979 baada ya kusikia mlio wasioujua, na msaidizi wao mwenyeji ndiye aliyewaambia ni wa nani. Huku wanamwita ngolaga. Anaishi Udzungwa tu. Mimi nimemwona mara moja katika safari nne, kundi liko chini kabisa linapekua majani makavu kama kuku. Mlio nimeusikia mara tatu. Ukitaka nafasi kubwa mwambie mwongozaji mapema kwamba umewafuata wao, maana kuna kundi lililozoeshwa watu. Mwenye mwili mweusi na utosi mwekundu utakayemwona juu ya miti ni mbega mwekundu wa Udzungwa, naye pia ni wa huku tu.

Nzi wa Maktaba: Na yule tumbili mwingine, kipunji?

MWANDISHI: Yuko Udzungwa, lakini msitu wa Ndundulu, mbali na njia hii. Alitangazwa 2005. Kwa basi sijui niseme nini, hiyo ni safari ya mahema.

Wa Mang'ula B: Mimi mwenyeji. Nyongeza kidogo. Mkiona kina mama wanawaangalia vibaya na kamera zenu pale Sanje, msidhani ni ushamba. Zamani tuliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu, ikafungwa 2011. Wageni mnaingia, sisi tunanunua mkaa. Salimieni watu, nunueni ndizi kijijini, chukueni boda wa pale pale.

MWANDISHI: Nimekusoma kaka. Hilo la ndizi nilipaswa kuliweka hatua ya 6. Nunueni Sanje, msibebe biskuti za Dar.

Reli Damu: Kwa nini hujaitaja TAZARA? Ina stesheni Mang'ula.

MWANDISHI: Kweli ipo. Haipiti kila siku, kwa hiyo safari nzima uipange kwa ratiba yake, na ratiba uithibitishe stesheni. Mwenye muda apande, si mwenye likizo ya siku tatu.

Kapeto: Wakuu, kurudi mtu anabeba mchele? Nasikia wa huko ni balaa.

Mnyakyusa Halisi: Mchele ni Kyela. Hivyo vingine ni chakula cha kuku.

Wa Mang'ula B: Kaka, hujawahi kula wa Kilombero uliopikwa kwa nazi. Nyamaza kwanza.

MWANDISHI: Ugomvi wa mchele fungueni uzi wenu. Kapeto, beba, ila muulize muuzaji kama ni mpya au wa mwaka jana. Mpya unanukia vizuri lakini unashikana. Ukiupima maji kama ulivyozoea, jioni mtakula bokoboko.